Nyati Aliyechinjwa Nusu

Siku ya arobaini ya Majaliwa, wanawake wa mtaa wa Dunda wakiwa uani wanachambua mchele wa pilau, nyati aliingia kwa mlango wa nyuma. Pembe zake zilikuwa pana kuliko mlango, kwa hiyo aliinamisha kichwa akapitisha ya kushoto kwanza, kisha ya kulia, kama watu wanavyopitisha kitanda. Akaenda kusimama karibu na pipa la maji. Shingoni alikuwa na mkato wa kisu, urefu wa kidole, mkavu, hautoi damu wala usaha. Begani alikuwa na uvimbe mdogo mahali risasi ilipoingia.

Jirani mmoja, Mwanamvua, alinyanyuka akaihamisha kamba ya nguo, maana nguo zilikuwa bado mbichi. "Asije akatuchafulia," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Shufaa, mjane wa Majaliwa, alikuwa chumbani, yumo edani. Alichungulia dirishani akamjua nyati mara moja, ingawa hakuwa amepata kumwona. Huyu ndiye aliyemuua mumewe. Akaagiza apelekewe beseni la pumba, kwa sababu mtu aliyekuja arobaini haondoki na njaa, na watu wengine waliokuja siku ile hawakuwa na uhusiano wa karibu na marehemu kama huyu.

Majaliwa alikuwa mchinjaji. Katika misafara ya uwindaji ng'ambo ya Mto Wami, mwindaji hupiga risasi, lakini kama nyama italiwa na Waislamu, mnyama lazima akutwe hai na achinjwe kwa jina la Mungu kabla roho haijatoka. Kwa hiyo bunduki ikilia, wengine wote husimama walipo, mchinjaji hukimbia mbele na kisu chake. Ni kazi ya kupimia pumzi. Ukiwahi mno mnyama bado ana nguvu zake, ukichelewa ni mzoga. Majaliwa aliifanya miaka kumi na tisa, na hakuna hata siku moja ambapo nyama aliyoichinja yeye ilitiliwa shaka.

Siku aliyokufa, mwindaji alikuwa Bwana Sadallah, tajiri wa Dar es Salaam mwenye nyumba ya mapumziko Mbegani. Alikuwa anamwoza binti yake, na alikwisha kujitapa kwamba walima utakuwa wa nyama ya nyati. Sheria inataka nyati apigwe kwa risasi nzito, tatu-saba-tano kwenda juu. Bunduki ya namna hiyo alikuwa nayo, ila ilikuwa na teke, na bega la Bwana Sadallah lilikuwa halijazoea kupigwa na kitu chochote. Akaiacha garini akachukua nyingine, thelathini-sufuri-sita, yenye risasi ya swala. Nyati akaanguka. Bwana Sadallah akapiga kelele, "Wahi! Wahi, watu wanangoja nyama!" Majaliwa akawahi. Alisema bismillahi, akatia kisu, na kabla hajakivuta mara ya pili nyati akainuka.

Ripoti iliandikwa kwamba mwindaji alitumia tatu-saba-tano, na kwamba msaidizi alitangulia bila ya amri, kwa uzembe wake mwenyewe. Karatasi hiyo ilisomwa barazani mbele ya wazee wa mtaa. Shufaa aliisikia akiwa ndani, nyuma ya pazia. Kifo alikuwa amekipokea, kwani kifo ni cha kila mtu. Neno uzembe hakulipokea, na wala hakukusudia kulipokea.

Ukweli aliujua kwa sababu risasi zile aliziuza yeye. Kwa miaka kumi na moja Shufaa alikuwa muuzaji katika duka la Bwana Murtaza, ambalo mbele huuza ndoana, nyavu na kamba, na nyuma, katika chumba chenye mlango wa chuma na leseni ukutani, huuza risasi za uwindaji. Alizijua risasi kama wenzake walivyojua vitenge. Bwana Sadallah aliponunua thelathini-sufuri-sita na kusema anakwenda kwa nyati, Shufaa alimwambia, "Mzee, hizi ni za swala. Nyati zitamkasirisha tu." Bwana Sadallah alicheka, akamwambia uwindaji awaachie wanaume.

Baada ya khitma, Ustadh Twalha aliombwa atoe kauli kuhusu nyati. Alikunja mikono ya kanzu, akaukagua mkato kwa tochi ya simu, akaupima kwa kidole.

"Huyu amechinjwa nusu," alisema. "Jina la Mungu limetajwa, kisu kimeanza, kazi haikumalizwa. Si mzoga, si halali. Amebaki kati."

"Mpaka lini, Ustadh?" aliuliza Mikidadi, mdogo wake Majaliwa, ambaye naye alikuwa mchinjaji.

"Mpaka atokee wa damu moja na aliyeanza, amalizie. Yaani wewe. Hapo ndipo elimu yangu inapokomea."

Mikidadi akashika kisu kiunoni. Lakini Shufaa alisema kutoka dirishani, "Hapana. Asiguswe." "Siku ile porini walikuwapo Sadallah, dereva wa Sadallah, mume wangu na huyu. Mume wangu amekufa na dereva anakula mkononi mwa Sadallah. Shahidi niliyebaki naye ni huyu mmoja."

Ustadh Twalha aliona hoja hiyo ni ya haki, akaketi kula pilau. Nyati akabaki uani.

Miezi minne na siku kumi Shufaa alikaa edani na chuki yake. Aliilea. Aliamka nayo alfajiri, akalala nayo mchana, akaipa chakula kila aliposikia gari kubwa likipita barabarani kuelekea Mbegani. Wanawake waliokuja kumpa pole walimwambia amwachie Mungu, naye aliitikia, kisha akabaki nayo palepale. Wakati huo nyati alizoea mtaa. Alikula pumba asubuhi, akalala kivulini mwa choo adhuhuri, na kila Jumamosi alikwenda zake mabondeni nyuma ya Kaole kugaagaa topeni, akarudi alasiri amekauka matope. Madereva wa bodaboda walimpisha.

Eda ilipokwisha, Shufaa alioga, akavaa, akachukua koleo la kutolea ndoana. Alimwambia nyati atulie, akabonyeza ule uvimbe begani, akaivuta risasi. Ilitoka imepinda na kuchanua kama ua la karafuu. Aliifunga kwenye kitambaa akaenda nayo ofisini kwa wasimamizi wa uwindaji, nyati nyuma yake. Mlangoni walipewa namba kumi na nne na kumi na tano.

Ofisa, Bwana Abdulazizi, alikuwa mtu mwenye adabu. Alimkaribisha mama kiti, akamsogezea nyati feni. Aliipima risasi mara mbili.

"Ni thelathini-sufuri-sita, mama. Hilo halina ubishi."

"Basi rekebisha ripoti."

"Kielelezo hutolewa katika mzoga, mama. Huyu si mzoga."

"Ni nini basi?"

Bwana Abdulazizi alimtazama nyati. "Kwa mujibu wa taratibu ni mnyama hai aliye mjini bila ya kibali, lakini hilo nitalifumbia macho kwa sababu ya msiba." Akafungua droo, akatoa fomu. "Ripoti hurekebishwa na aliyeitoa. Bwana Sadallah mwenyewe atie saini hapa chini. Akitia, nami leo hii nafuta neno uzembe."

Shufaa akaikunja fomu akaiweka kwenye pochi. Siku ya pili alirudi kazini. Nyati alimsindikiza mpaka mlangoni kwa Bwana Murtaza, akalala hapo, na wateja wakawa wanamruka.

Haikupita wiki mbili Bwana Sadallah akaja. Alikuwa amenunua bunduki mpya, nne-tano-nane, yenye kitako kilichovikwa mpira mnene kama andazi. Alimruka nyati mlangoni, kisha akarudi nyuma hatua moja kumpima pembe kwa jicho.

"Shikamoo, mzee," alisema Shufaa.

"Marahaba, Shufaa. Pole sana na msiba." Akaiweka bunduki juu ya meza. "Nataka risasi za nyati wako huyu. Au niseme wangu, maana kibali nilikata mimi na kichwa chake nimekitengea mahali sebuleni. Nimeambiwa Jumamosi huenda Kaole. Ruhusa ninayo."

"Kwa nini usimwache, mzee?"

"Watu wanasema. Kila nikipita Dunda watu wananitazama, kisha wanamtazama yeye. Kitu kikianza lazima kiishe."

Shufaa alifungua daftari la risasi. "Unataka risasi za kichwa laini au kichwa kigumu?"

"Wewe unasemaje?"

Na yeye akamweleza, bila kumficha neno. Kichwa laini hufunguka kikiingia, kikafanya jeraha pana, na kinafaa kama mnyama ametulia na amekupa ubavu. Akikugeukia uso kwa uso unataka kichwa kigumu kisichopinda, kipasue mfupa mpaka ndani. Mwenye akili hutanguliza laini moja, na zinazofuata anaweka ngumu. Bwana Sadallah alisikiliza kama mtu aliyekwisha kujua, kisha akarudia mwenyewe na kukosea.

"Kabla sijakupa, mzee, nina ombi," alisema Shufaa. Akaitandaza ile fomu. "Nitilie saini hapa. Andika ulichopigia, na andika kwamba ulimwamuru. Sitaki kingine kwako. Wallahi, ukitia saini nakusamehe hapahapa."

Alikuwa anasema kweli. Lau Bwana Sadallah angeinua kalamu, ile chuki yote ya miezi minne angeiweka chini kama mzigo wa kuni. Bwana Sadallah alisoma fomu yote, kwa utulivu, mpaka mwisho. Kisha akairudisha kwa kidole kimoja.

"Majaliwa alikuwa na haraka, Shufaa. Mungu amrehemu. Ni haraka yake iliyomuua. Haya, nipe risasi."

Shufaa aliingia chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na nne-tano-nane za aina mbili. Za rafu ya juu zilikuwa zimefika mwezi uliopita. Za rafu ya chini ziliingiwa na maji wakati wa masika, baruti ikalowa, na Bwana Murtaza alizitia alama ya chaki ili polisi waje wazichukue wakaziteketeze. Polisi walikuwa wamesema watakuja baada ya Idi, lakini hawakusema Idi gani. Kwa nje shaba yake iling'aa kuliko ya zile mpya.

Hakuna shetani aliyemnong'oneza. Shufaa alisimama pale akafikiri kwa akili zake zote, tena kwa utaratibu, kama anavyofikiri mtu anayechagua kitambaa cha sanda. Alimtaka yule mtu afe. Alitaka naye avute kifyatuo cha bunduki mara ya kwanza, mara ya pili, na ajue kwamba kitu alichokitegemea hakipo. Akainama, akachukua boksi la laini na boksi la ngumu kutoka rafu ya chini, akafuta chaki kwa pindo la kanga.

Bwana Sadallah alizikagua moja moja, akazisifu kwa kung'aa. "Zitatosha?"

"Zitatosha, mzee."

Ijumaa baada ya swala, Mikidadi alipita nyumbani kwa Shufaa kumjulia hali. Alikuwa amevaa vizuri na alionekana mwenye furaha. Alisema Bwana Sadallah amemwita kesho, Kaole.

"Najua humpendi, shemeji. Mimi pia simpendi. Lakini mkato ule ni wa kaka yangu, na kila nikiuona naona kazi yake imelala njiani. Nataka niumalizie kwa mkono wangu, apumzike."

Shufaa alikuwa anapepeta mchele, akauweka ungo chini. Hili hakulifikiri. Katika hesabu zake zote porini mlikuwa na watu wawili tu, Sadallah na nyati, kana kwamba hajawahi kuolewa na mchinjaji, kana kwamba hajui ni nani hutangulia bunduki ikilia.

"Usiende," alisema.

"Nimekwisha kukubali."

"Basi usitangulie. Akikuita, usitangulie. Akipiga kelele, usitangulie. Kaa nyuma ya gari mpaka umwone mmoja wao amelala na hapumui."

"Shemeji, kazi yangu ni kutangulia. Nikikaa nyuma mimi ni nani?"

"Wewe ni ndugu pekee aliyenibakia. Niapie, Mikidadi."

Angeweza kumwambia habari za chaki. Angeweza kupanda bodaboda mpaka Mbegani, akasema amekosea boksi, akabadilisha, na saa moja tu isingekwisha. Aliyafikiri hayo yote mawili akiwa amemkazia macho shemeji yake, na kila moja alilipima na lile neno la kwenye ripoti, na kila moja likapungua. Mikidadi akaapa. Aliondoka amenyong'onyea, kwa sababu alikuwa hajapata kuapa kutofanya kazi.

Jumamosi Shufaa alikuwa dukani anahesabu ndoana. Yaliyotokea aliambiwa na Mikidadi, ambaye aliyasimulia bila kuongeza chumvi. Nyati alikuwa ametoka topeni, akawapa ubavu, ametulia kabisa. Bwana Sadallah akalenga, akavuta. Bunduki ikasema ta, kama mtu anayevunja njugu. Akabadilisha, akavuta tena. Ta. Nyati akageuka. Hakukimbia, alikuja kwa mwendo uleule anaoendea beseni la pumba. Bwana Sadallah akavuta mara ya tatu, kisha akapiga kelele, "Mikidadi! Tangulia! Tangulia na kisu!" Mikidadi alikuwa nyuma ya gari, amekamata kiapo chake kwa mikono miwili. Akaitwa tena kwa jina, mara nne. Ya tano haikufika mwisho.

Alasiri nyati alirudi Dunda. Shufaa alimwosha pembe kwa maji ya pipa na sabuni ya mche. Furaha ilimjia, wala asiwepo wa kusema haikuja. Ilikuja, tena kubwa, ikamkalia kifuani mpaka akaketi chini uani akacheka peke yake. Siku mbili alikula na kulala vizuri. Mazishi ya Bwana Sadallah yalijaza magari kutoka msikitini mpaka barabara kuu, na walioongea walisema alikuwa mwindaji shujaa na mkarimu.

Jumanne Mikidadi aliitwa ofisini, na Shufaa akafuatana naye. Nyati alibaki nje, kwa sababu safari hii feni ilikuwa imeharibika. Bwana Abdulazizi aliwapa mkono wote wawili, kisha akasoma. Mwindaji alitumia risasi sahihi, nne-tano-nane, kwa mujibu wa sheria. Risasi zilipatwa na hitilafu isiyojulikana. Msaidizi aliamriwa kutangulia, hakutangulia. Chanzo cha kifo ni uzembe wa msaidizi.

"Si kweli," alisema Shufaa. "Risasi mbovu nilimpa mimi. Nilijua ni mbovu. Nilifuta chaki kwa kanga hii." Akaonyesha pindo, ambalo bado lilikuwa jeupe. "Mikidadi alikaa nyuma kwa sababu nilimwapisha. Andika mimi."

Mikidadi akageuka kumtazama, kisha akatazama sakafu.

Bwana Abdulazizi aliweka kalamu chini kwa upole. "Mama, fomu hii ina nafasi ya mwindaji na nafasi ya msaidizi. Nafasi ya muuzaji haipo."

"Na nyati?"

"Nyati yumo. Nimemwandika kwenye mazingira ya tukio."

"Basi ile ya kwanza. Ya mume wangu. Ile ifute."

"Ile ilikuwa inangoja saini ya Bwana Sadallah," alisema Bwana Abdulazizi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikitika kweli. "Mwenye saini amefariki. Ripoti imefungwa. Sasa nitahitaji ndugu wa msaidizi atie sahihi hapa, kwamba amesomewa na ameelewa."

Ndugu aliyekuwepo alikuwa Shufaa. Alitia sahihi chini ya neno lile, kwa mwandiko uleule aliokuwa akijazia daftari la risasi kwa Bwana Murtaza. Mikidadi alipewa onyo la maandishi, na kwa kuwa lilikuwa la kwanza, hakunyang'anywa kibali cha kazi.

Walitoka nje. Jua lilikuwa kali, na nyati alikuwa amelala kivulini mwa ukuta wa ofisi, karani mmoja ameegemeza baiskeli yake kwenye mgongo wake. Mikidadi alisimama kando ya barabara akilikunjakunja lile onyo.

"Shemeji, Jumamosi nimeitwa tena, ng'ambo ya Wami. Kuna mgeni anataka nyati. Sijui atapigia nini." Hakuwa na hasira, aliuliza kama anavyouliza mtu anayetaka kuijua kazi yake. "Kaka alitangulia, wakaandika uzembe. Mimi sikutangulia, wameandika uzembe. Wewe unazijua risasi, na hawa unawajua. Niambie basi. Nitangulie, au nibaki nyuma?"

Shufaa akaiondoa baiskeli mgongoni mwa nyati, akaiegemeza ukutani. Mikidadi alimngojea kwa adabu, kama anavyongojewa mkubwa, hata bodaboda mbili zikampita. Ya tatu akaipanda, maana fundi wa kunoa visu hufunga mapema.